Dereva Mkuu wa Kwenye Karatasi

Jumatatu, 3 Machi

Binti amepata leseni! Mara ya kwanza tu, na kwa yule mtahini anayefelisha watu mpaka wanaomba kurudishiwa nauli. Amemwambia hajaona mtu wa umri wake anayerudi nyuma kwa utulivu kiasi kile. Miaka kumi na minane na miezi miwili. Picha ya leseni imetoka amenuna, utadhani ametumwa kuosha masufuria.

Nyumba nzima imeshusha pumzi. Tangu cheche za kuchomelea ziharibu jicho la kushoto la mwenzangu, mume wangu fundi mageti, na leseni yake kuchukuliwa, gari letu limekaa uani chini ya turubai. Na mama mkwe kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi sharti afike hospitali kusafishwa damu, figo zake zimegoma kazi. Anafungwa kwenye mashine masaa manne. Akikosa siku moja miguu inavimba. Akikosa mbili – hilo daktari alisema tusilijaribu.

Kwa sasa anapelekwa na dereva wa kukodi ambaye humu ndani tunamwita Kesho-Nakuja. Siku zake zinahesabika huyo! Kimebaki kitu kidogo tu, bima.


Jumatano, 5 Machi

Nimepiga simu tatu saa ya chakula cha mchana, nikiwa pale pale mapokezi. Miaka kumi na sita nimekaa mapokezi ya kliniki ya meno nikiwajazisha watu fomu, kwa hiyo makaratasi hayanitishi. Ndivyo nilivyodhani.

Kampuni ya kwanza: msichana mwenye sauti ya asali. Mama hivi, Mama vile. Nikataja umri wa Binti. Akaniwekea muziki dakika tisa, akarudi na bei. Nusu ya thamani ya gari lenyewe! Nikamuuliza kama hiyo bei ni pamoja na gari lingine. Akasema hapana Mama, ni bima peke yake. Wala hakucheka.

Kampuni ya pili: hawamkatii bima mtu chini ya miaka ishirini na mitano. Mpaka afike huko afanye nini? Apate uzoefu. Uzoefu wa nini? Wa kuendesha. Bila bima? Ah, hapana Mama, bila bima ni kosa la jinai. Nikamwomba ayarudie maneno yake taratibu. Akayarudia yote, bila aibu.

Kampuni ya tatu hakuna mtu, kuna mashine. Bonyeza moja, bonyeza nne, bonyeza nyota. Nimebonyeza mpaka nikajikuta kitengo cha bima ya mazishi. Hao walikuwa na bei nzuri sana.


Ijumaa, 7 Machi

Nimeomba ruhusa, nimekwenda na Binti mwenyewe wamwone uso kwa uso, waone si mhuni. Ofisi ya vioo, ua la plastiki lenye vumbi, na ukutani picha kubwa ya familia ndani ya gari, wanacheka mpaka magego. Watu wanaocheka hivyo bado hawajaambiwa bei.

Dada wa kaunta ana kucha ndefu, anapiga kompyuta kwa vidole viwili. Maswali yake! Gari linalala wapi? Limefungwa geti? Binti ana kazi? Ameolewa?

"Kuolewa kunahusiana nini na breki?" nikauliza.

Akasema mfumo unawaona walioolewa ni watulivu zaidi. Kwa hiyo nimwoze ndiyo nipate punguzo. Nimemtajia mume wangu, ambaye nikiwa naye kitandani miaka ishirini na mbili bado anaota anakimbizana na wezi – utulivu gani huo! Dada akasema, mfumo ndivyo unavyosema, Mama. Kila kitu ni mfumo. Huyo Mfumo ningemwona ana kwa ana ningemuuliza kama ana mama mzazi.

Bei: mshahara wangu wa miezi minne na nusu. Na kazi za mwenzangu siku hizi ni geti moja kwa mwezi.

Binti hakulalamika. Aliuliza swali moja tu: nini kitaishusha? Dada akamwambia, mwaka mmoja bila ajali, bei inapungua kwa theluthi. Miaka miwili, nusu. Lakini sharti jina lake liwemo kwenye fomu kama dereva. Akauliza tena, "Kwa jina langu mimi?" Akaambiwa ndiyo, kwa jina lako wewe. Akaandika kwenye simu yake. Huyu mtoto anaandika kila kitu, sijui karithi kwa nani.


Jumamosi, 8 Machi

Kesho-Nakuja leo kapita kiasi. Mama mkwe alitoka kwenye mashine saa saba mchana. Saa kumi na moja jioni muuguzi ananipigia: kuna bibi yenu hapa kwenye benchi, anatetemeka, hajala, nani anamchukua? Bwana mkubwa alikuwa amepata abiria wa uwanja wa ndege. Simu kazima.

Masaa manne kwenye benchi la mbao, kwa mwili ule!

Na uani kwetu gari zima, tangi limejaa, matairi yamejazwa upepo. Na jikoni dereva mwenye leseni anamenya viazi.

Tulimfuata kwa teksi, tukamfikisha nyumbani. Huyu ni mwanamke anayeweza kulalamikia chumvi kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, na leo kanyamaza, kajilaza, kageukia ukutani. Nimeogopa kweli kweli. Nimeingia chooni nikafungulia bomba, nikalia.


Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja. Mdogo wake mwenzangu, wakala wa bima wa kujitegemea, maana yake hana ofisi. Ana mkoba. Ndani ya mkoba, nimeuchungulia alipokwenda kunawa, mna fomu, kalamu sita na soksi.

Kanywa chai vikombe vitatu ndipo akauliza: humu ndani nani mwingine ana leseni?

Nikasema hakuna. Mwenzangu akasema, "Wewe unayo."

Lo! Kweli ninayo! Niliipata mwezi mmoja kabla ya harusi. Nimeendesha mara mbili maishani. Mara ya pili nilipanda bustani ya jirani, gari likazimika katikati ya maua, nikashuka, nikafunga mlango vizuri, nikarudi nyumbani kwa miguu. Sijagusa usukani tangu siku hiyo. Leseni nimekuwa nikiihuisha kwa sababu picha yangu imetoka nzuri.

Shemeji macho yakamng'aa. Miaka ishirini na mbili! Ajali ngapi? Hakuna. Faini? Hakuna. Madai? Hakuna. Akainuka kabisa kitini. "Shemeji, wewe ni dhahabu!" Kumbe mimi ndiye dereva salama kuliko wote mjini, kwa kuwa siendeshi.

Mpango wake ni huu. Dereva mkuu, mimi. Dereva wa pili, hakuna, maana ukimtaja Binti hata mstari wa mwisho, Mfumo unashtuka. Wataweka kidude chini ya usukani cha kupima mwendo na breki, bei inashuka tena. Anayeshika usukani kikweli ni siri ya familia. Kila mtu anafanya hivi, anasema. Hao "kila mtu" ningependa siku moja niwahesabu.

Binti akauliza, "Na mwaka wangu mmoja bila ajali?"

"Mwaka gani?" Shemeji hakuelewa.

Mwenzangu akatazama ndani ya kikombe kitupu. Mama mkwe chumbani akakohoa. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema hayo tutayaona baadaye, kwanza bibi yako afike hospitali.

Akasema sawa Mama. Ile sawa ya kufunga mlango.


Jumatatu, 10 Machi

Nimesaini. Kuna swali la saba: je, wewe ndiye utakayeendesha gari hili? Kisanduku cha ndiyo, kisanduku cha hapana. Nimetia alama kwenye ndiyo, kwa mwandiko wangu mzuri wa kazini. Mimi, ninayewarudishia watu fomu kwa kudanganya kuwa wamepiga mswaki.

Bei imekuwa theluthi moja ya ile ya kwanza. Sina zaidi la kusema leo.


Jumanne, 11 Machi

Safari ya kwanza! Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na pande zote mbili. Mama mkwe alikaa nyuma, kajifunga khanga mbili, mkoba mapajani, akatoa amri mpaka mzunguko wa kwanza: breki, honi, mtazame huyo wa baiskeli, huyo naye. Baada ya hapo akalala usingizi. Kwake yeye hiyo ni medali. Kwenye gari la Kesho-Nakuja alikuwa anasali mwanzo wa safari mpaka mwisho.

Saa saba juu ya alama Binti alikuwa getini anamngoja. Kamchukua, kamrudisha, kamlaza. Mama mkwe leo kalalamika chumvi. Nilitaka kumbusu.

Cha kuchekesha: saa mbili na dakika arobaini asubuhi, mimi niko mapokezi napiga mihuri, simu ikalia. Ujumbe wa kampuni. "Hongera kwa safari yako ya kwanza! Kona zako ni nzuri, breki zako ni laini. Alama: 92." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kisicho hata na magurudumu.


Ijumaa, 21 Machi

Niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu. Nimeanza kuzizoea hizi sifa.

Tisini na tatu. Tisini na nne. "Mwendo wako ni wa mfano." Miaka kumi na sita kazini daktari hajaniambia mwendo wangu ni wa mfano. Juzi nimejikuta namwonyesha msaidizi wake ujumbe. Akashangaa: kumbe unaendesha! Nikasema ah, kidogo kidogo. Akasema basi Ijumaa unishushe kwangu, si njia moja?

Leo ndiyo Ijumaa. Nimemwambia gari liko kwa fundi. Fundi gani, linasumbua nini? Nikasema gia. Sijui gia zinavyosumbua, nimeongea juu ya gia dakika kumi. Kisha nikajificha stoo mpaka akaondoka, nikarudi nyumbani kwa miguu na viatu vya kazini.

Nyumbani mwenzangu kanipa jina. Dereva Mkuu, niletee chumvi. Dereva Mkuu, umeona miwani yangu? Anacheka peke yake. Nikamwambia mwenye jicho moja asimcheke mwenye alama tisini na nne. Akacheka zaidi.


Jumapili, 30 Machi

Kampuni wamenitumia cheti! Kimekuja kwenye simu, kina utepe wa dhahabu, jina langu kwa herufi kubwa, "Dereva wa Mwezi". Nikawaita wote waje waone. Nilidhani tutacheka.

Mwenzangu alicheka. Mama mkwe akataka kisomwe mara mbili. Binti akaichukua simu, akakisoma kwa sauti mpaka mwisho, na namba ya cheti.

"Tisini na sita," akasema. "Hizi ni zangu, Mama."

"Ni za nyumba nzima."

"Nyumba nzima ndiyo iliyokuwa inaendesha?"

Nikamwambia asinijibu hivyo mbele ya bibi yake. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akatoka nje kuosha gari. Gari aliliosha jana. Kalisugua magurudumu yote manne, na lile la akiba.

Nimekasirika. Nimepika kwa hasira, wali umeshika chini. Mtoto haelewi kwamba tulibanwa. Yaani anaelewa, ndiyo inayoniudhi.


Jumanne, 8 Aprili



Nianze na kliniki. Saa saba na dakika tano aliingia mwanamume mnene, suti ya kijivu, shavu limevimba kama ameficha limau. Nikampa fomu. Kwenye kazi kaandika "mkaguzi". Wa mita, wa shule, sikuuliza. Kwenye dawa unazotumia kaandika hakuna, na pakiti ya dawa za presha imechungulia mfukoni mwa shati! Nikamuuliza, kaka, hizo ni za nani? Za mke wangu, akasema. Nikamrudishia fomu. Nikampa na kahotuba kangu: hapa ukiandika uongo atakayeumia kitini ni wewe, si mimi, jaza upya. Watu wawili kwenye benchi wakacheka. Akajaza upya, mnyonge kabisa.

Bado anaandika, simu yangu ikatetemeka. Kampuni. Nikaifungua nikitabasamu, nikitegemea alama zangu.

"Mtikisiko mkubwa umetambuliwa. Je, uko salama? NDIYO / HAPANA."

Sikumbuki nilivyosimama. Kiti kilianguka. Nilimpigia Binti mara tatu hapokei, ya nne akapokea, nikapiga kelele kliniki nzima: mwanangu, uko wapi? Nani amekugonga? Bibi yako je? Mzima? Niambie mzima!

Wazima. Wote wawili, wazima. Walikuwa wametulia getini hospitali wakisubiri kizuizi kiinuliwe, pikapu ya magodoro ikaja nyuma ikawabamiza. Bampa limekunjika, taa moja imevunjika, buti halifungi. Mwenye pikapu kashuka mwenyewe anaomba radhi, kosa lake, hakubisha hata chembe. Mama mkwe kamtukana mpaka akaishiwa pumzi, kwa hiyo ni mzima.

Nikakaa sakafuni pale nyuma ya kaunta. Nililia. Yule mkaguzi wa watu, na shavu lake, kazunguka kaunta akanipa maji kwenye kikombe cha karatasi na leso yake. Hawezi kusema vizuri kwa maumivu. Kasema tu, "Mtoto mzima, dada. Mshukuru Mungu." Kaninyanyulia kiti. Sikumshukuru hata, daktari akamwita.

Binti kaja na gari mpaka nyumbani, mwendo wa kobe, taa za hatari zinawaka. Nilimkumbatia mpaka akasema Mama unanibana. Hakulia. Kaniuliza kitu kimoja: "Hii wataiandika ajali ya nani?"


Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi Shemeji kwenye simu, sauti ya chini kama anaiba. Msiguse kitu. Mkaguzi wa kampuni atakuja leo saa kumi kutazama gari na kuchukua maelezo. Polisi hawamo, mwenye pikapu kakiri, kazi ni nyepesi. Dereva alikuwa nani? Wewe! Kumbuka, wewe. Ulikuwa unampeleka mama mkwe wako. Nikamuuliza, na nikisema kweli? Akavuta pumzi. Wanafuta bima leo leo, jina langu linaingia kwenye orodha yao, na hakuna kampuni itakayotugusa, si mimi wala Binti. "Na kesho ni Alhamisi, Shemeji," akanikumbusha. Kana kwamba nimesahau siku za wiki. Kisha akaniliwaza: mkaguzi hakujui, hajawahi kukuona, wewe jiamini tu.

Nikampigia Kesho-Nakuja, kwa tahadhari tu. Amesema kesho anakuja. Nimekata simu.

Miguu ya mama mkwe tangu asubuhi imeanza kujaa. Jana mashine ilimsafisha vizuri, lakini ni ule mshtuko, muuguzi kasema, Alhamisi asikose kwa namna yoyote.

Nimeomba ruhusa kazini. Nimevaa gauni la heshima. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: nilikuwa nimesimama getini, nikasikia kishindo. Nilikuwa nimesimama getini, nikasikia kishindo. Nimemuuliza Binti breki ya mkono iko upande gani. Akanionyesha kwa kidole.

Saa kumi kamili, hodi. Mwenzangu akafungua.

Suti ya kijivu. Shavu limepungua, pamba bado imo.

Jamani! Mji huu wote, wakaguzi wote! Yeye alinitazama, mimi nilitazama viatu vyake. Mwenzangu, asiyejua kuwa tumeshaonana kliniki, akamkaribisha kwa furaha, karibu sana, kutana na mke wangu, ndiye dereva mwenyewe. Dereva Mkuu, akasema. Na kucheka akacheka.

Nilitaka ardhi ipasuke.

Yule bwana hakucheka wala hakukunja uso. Akakaa, akafungua faili polepole. Akasema kwa upande mmoja wa mdomo kwamba ajali ilitokea jana, saa saba na dakika kumi na moja, kidude kimeandika. Akanitazama tena. Nilingoja aseme. Nilingoja aniulize kama leso yake nimeifua. Leso yake ilikuwa imeanikwa uani, Mungu wangu, kamba ya kwanza, mbele ya gari analokwenda kulikagua!

Badala yake alitoa fomu, akaiweka mezani mbele yangu, kalamu juu yake. Jina la aliyekuwa anaendesha. Maelezo kwa ufupi. Sahihi.

"Jaza bila haraka," akasema. "Mimi niko nje napiga picha. Ukikosea, nina fomu nyingine mbili."

Ametoka nusu saa sasa. Bampa moja na taa moja, nusu saa! Namwona dirishani. Anapiga picha ya tairi la mbele, ambalo halijaguswa na mtu. Anapiga picha ya turubai. Huyu mtu hapigi picha.

Nimechukua daftari hili badala ya fomu. Mwenzangu sasa ameshaelewa, nimemnong'oneza yote, amekaa kwenye ngazi kashika kichwa. Anasema andika jina lako, angekuwa na nia mbaya angeshasema. Kisha anasema, au usiandike. Kisha anasema wewe ndiye mjuzi wa fomu.

Nikiandika langu, kesho saa mbili mama mkwe yuko njiani, taa tutaifunga kwa muda, na hatuulizwi kitu. Labda. Na huyu bwana aliyenipa maji atakuwa ameubeba uongo wangu kwenye faili lake, kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu jana aliniona nikilia sakafuni. Nikiandika la Binti, hakuna bima, hakuna gari, hakuna Alhamisi. Nimeuandika huu mzani mara mbili pembeni ya ukurasa. Unakuja vile vile.

Binti ameingia. Kavuta kiti, kakaa mbele yangu, kaiona fomu tupu. Nilidhani ataniomba niandike ukweli, nilishajiandaa kumgombeza.

Hakuniomba. Kaweka simu yake mezani. Humo kaandika safari zake zote: tarehe, saa ya kuondoka, saa ya kufika, bibi alikuwaje. Kumi na tatu kwenda, kumi na tatu kurudi. Ya jana ameiandika pia: "Nimesimama. Nimegongwa. Bibi alikuwa mbele, nimemkinga kwa mkono."

"Andika lako tu, Mama," anasema. "Bibi aende. Ila ujue, ukishaandika, mimi sijawahi kuendesha gari."

Sikuwa nimejua habari ya ule mkono. Nimemwambia anionyeshe. Kapandisha mkono wa blauzi. Kuanzia kiwiko mpaka kiganjani pamevilia damu, weusi weusi, na jana yote kaoga, kapika, kalala na mkono huu, na mimi niko kwenye kioo nafanya mazoezi ya kishindo.

Hatua zinakuja. Anafuta viatu kwenye zulia, muda mrefu. Hodi. Mlango uko wazi kabisa na bado anapiga hodi.

Mama mkwe anaita kutoka chumbani: kesho tunatoka saa mbili, au saa mbili na nusu? Anataka kujua aweke khanga ipi. Anauliza tena. Mwenzangu ananitazama mimi, Binti anaitazama kalamu, nami nafunga daftari hili niivute fomu.